Guta Lililozuia Jeneza

Mji wetu wa Ulimbo ulifuta faini za fedha nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sababu ilikuwa nzuri, kama zilivyo sababu zote zinazokuja kutuumiza baadaye. Wenye nacho walikuwa wanaegesha popote, mbele ya zahanati, juu ya bomba la maji, kisha wanalipa huku wakipiga miayo. Madiwani wakaketi, wakajiuliza ni kitu gani ambacho tajiri na maskini wanacho sawasawa. Wakapata jibu: usingizi. Tangu hapo ukiegesha vibaya, Manispaa inachukua ndoto zako.

Haiumi. Wanakubandika ushanga wa buluu nyuma ya sikio, mdogo kama punje ya ufuta, na kila ulalapo ndoto zako zinapitia humo kwenda kwa mwingine. Unaamka mwepesi na mkavu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Wengine hata wanasifia. Jirani yangu fundi cherehani alitozwa ndoto za masika yote, akatoka amenenepa.

Huyo mwingine anayepelekewa ni mfumo wa mipango wa Manispaa. Sisi wa mtaani tunauita Shangazi, kwa kuwa anajua mambo ya kila nyumba na kila nyumba anataka kuipanga. Shangazi hashindwi hesabu. Tatizo lake ni kwamba anajua yaliyopo tu. Mwulize barabara mpya ipite wapi, atakuchorea ile ya zamani, ameipanua kidogo. Ili awaze kitu ambacho hakijawahi kuwapo lazima alishwe ndoto za watu. Ndiyo maana soko letu lina ngazi inayoishia hewani, na watoto wanapenda kukaa juu kule na kula miwa. Ndiyo maana stendi ina dirisha linalotazama ziwa, na Ulimbo haina ziwa. Ni mji mzuri, sikatai. Umejengwa kwa makosa ya maegesho.

Mimi naitwa Wande binti Mihayo, Mnyamwezi, mwenye guta. Guta langu lina magurudumu matatu, linakula jua, na ukiliambia pa kwenda linakwenda lenyewe, ingawa kwa manung'uniko. Nimebebea matofali, mbuzi wa mahari, na mara moja bwana harusi aliyezimia. Mafuriko yamenichukulia nyumba, mume amejichukua mwenyewe akaenda zake, na bado nacheka, kwa sababu nimegundua kwamba maisha yakikupiga huku unacheka yanachoka mapema.

Mtu aliyenifundisha hilo ni Chaurembo, kinyozi Mzaramo, mtani wangu. Ndiye niliyemzuilia njia ya kaburini.

*

Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walitembea njia moja wamebeba mizigo, wakagombana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana bila kugombana. Chaurembo aliniita mpagazi wake. Mimi nilimwambia Wazaramo wangefika mbali duniani kama ngoma isingekuwa inaanza kila wanapovaa viatu. Siku moja ya mvua aliazima mwavuli wangu, mweusi wenye mpini wa mpingo, amsindikize mteja ambaye nywele zake zilikuwa zimetoka kutengenezwa. Haukurudi. Kila nilipoudai alinitazama kwa huruma, akauliza, "Mwavuli gani, mpagazi wangu?" Tulizeeka na swali hilo.

Sasa msiba wa mtani una kazi yake. Wengine wanakuja kulia, wewe unakuja kuudhi. Unaweza kuficha jembe la kuchimbia, au kulala kaburini na kusema umechoka. Wafiwa nao wana kazi yao, nayo ni kukasirika. Mfiwa akikujibu kwa upole, ujue utani umekufa pamoja na marehemu.

Basi siku ile, gari la jeneza lilipowashwa, niliegesha guta kukingama kwenye kichochoro, nikapanda juu yake, nikajilaza. Nikatangaza kwamba Chaurembo hazikwi mpaka mwavuli wangu urudi. Wazee wa Kizaramo wakanisihi, wakanitukana vizuri kabisa, mmoja akasema anajuta babu yake hakumwacha wangu porini. Mimi nikafumba macho. Na nyuma ya dirisha la chumbani ikasikika sauti ya mjane, Bi Sikuzani, ambaye tangu alfajiri hakuwa amesema neno wala kumeza mate.

"Mwanamke huyu hana haya. Mwondoeni, mwiteni askari, ananiharibia msiba wangu."

Watu waliguna kwa furaha. Badala ya mwavuli nilipewa kuku jike mwenye jicho baya, nikashuka, jeneza likapita. Nililia nikiwa nimemkumbatia yule kuku, na hakupenda.

Lakini kila mlingoti wa taa mtaani kwetu una sikio la Shangazi. Kabla wanaume hawajarudi kutoka makaburini, guta langu lilinisomea ujumbe kwa sauti yake ya pua. Kosa: kuegesha mbele ya jeneza. Kosa limekuzwa na lalamiko la mfiwa mwenyewe. Adhabu: ndoto zote mpaka arobaini ya marehemu ipite, kwa heshima ya msiba.

Kwa heshima ya msiba. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaacha ghafla, maana niliona kilichokuwa kinachukuliwa. Kwetu tunasema aliyekufa hatoki mara moja. Mpaka arobaini anazungukazunguka, anaaga watu wake usingizini, kisha anakwenda zake. Na usiku uleule, kabla sijabandikwa ushanga, Chaurembo akaja.

Alikuwa ameketi juu ya guta langu, kanzu nyeupe, mwavuli wangu ameubana kwapani. Mvua ilikuwa inanyesha taratibu kutoka chini kwenda juu, ikitupita miguuni kama moshi. Nikamwonyesha mwavuli kwa kidole. Akautazama, akanitazama, akauliza, "Mwavuli gani?"

Asubuhi nikakata rufaa.

*

Ukikata rufaa adhabu inasimama mpaka uamuzi utoke, kwa hiyo nilipata siku kadhaa za neema. Chaurembo alikuja kila nilipolala, hata usingizi wa mchana wa kuegemea tairi. Nilianza kulala kama mtoto mchanga. Wateja wakalalamika.

Ofisi ya rufaa iko ghorofa ya juu ya Manispaa, katika chumba ambacho bila shaka kilitoka kwenye ndoto ya mtu: dari imeota nyasi fupi laini, na ukikaa kimya unasikia mbuzi mahali fulani. Afisa aliitwa Mutalemwa, Mhaya mwembamba mwenye adabu, miwani imemteleza puani. Nilijiandaa kumchukia nikashindwa. Alinipa pole ya msiba kabla ya kufungua kinywa kuhusu kesi, akasikiliza habari zote za mwavuli, na mahali pa kucheka alicheka.

Kisha akanisikilizisha sauti iliyonaswa kwenye mlingoti. Ilikuwa ya Bi Sikuzani: mwiteni askari, ananiharibia msiba wangu. Ndani ya chumba kile chenye nyasi maneno yalisikika mabaya kweli.

Mutalemwa alinieleza kwamba Shangazi hana ubaya na mimi. Amefundishwa kwamba mtu aliyefiwa asiudhiwe, na akisema ameudhiwa aaminiwe. Kulikuwa na njia mbili tu za kushinda. Ya kwanza, mjane aseme mbele ya sikio lolote la mtaa kwamba hakukasirika. Ya pili, na hapa macho yake yaling'aa nyuma ya miwani, niiombe Manispaa iutambue utani. Shangazi angejifunza kutoka kwangu: nani mtani wa nani, matusi gani yanaruhusiwa, chombo kizuie njia kwa muda gani, kuku wa ukubwa gani. Baada ya hapo mtani yeyote angechukua kibali mapema, aegeshe anapotaka, asiguswe.

"Si kwa ajili yako tu, mama," alisema. "Kuna Mngoni wa mtaa wa juu anatembea na ushanga sasa hivi kwa kuficha sufuria ya pilau msibani. Kuna wengine. Ungewaokoa wote."

Nikamwuliza kama kibali kitaonyeshwa kwa wafiwa.

Akasema ndiyo, wafiwa watasaini.

"Kwa hiyo watajua nakuja kuwaudhi, saa ngapi, na kwa matusi yapi."

Mbuzi wa darini alilia mara moja. Mutalemwa akavua miwani na kuifuta, akaniambia kwao Bukoba bibi yake alikuwa na mtani wake pia, na kwamba yeye aliona afadhali mnyama aliyefungwa kamba kuliko mnyama aliyekufa. Akanipa mpaka Ijumaa, baada ya swala.

Nilishuka ngazi nikiwa sijui. Ukweli ni huo. Alikuwa na hoja, na yule Mngoni namfahamu, anaitwa Komba, ana mama yake aliyekufa ambaye alikuwa akimwota.

*

Bi Sikuzani alikuwa ameketi eda, haendi popote, anapokea wanawake chumbani. Nilimkuta juu ya mkeka, kanga nyeupe, anachambua mchele usiokuwa na hata chenga moja. Nilibisha hodi, nikamwita shemeji, akaniambia nipite nisikanyage mchele kwa miguu yangu ya kipagazi. Nikajua yu mzima.

Nilimweleza habari ya rufaa. Akauchukua ungo, akapepeta. Upepo wa ungo ulikuwa unanipuliza usoni taratibu, na kwa kitambo nilihisi kama niko ndotoni tena, naye Chaurembo karibu ataingia kuulizia chai.

Nilimwambia kama atapenda kusema dirishani maneno mawili tu, kwamba hakukasirika, yataisha.

"Lakini nilikasirika," alisema.

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania.

"Nilikasirika kweli, Wande. Nilitaka kutoka nikung'oe nywele. Tangu alfajiri nilikuwa nimekaa kama jiwe, sijui kama ninapumua. Wewe ukaja na kigari chako kibaya ukanitia hasira, na hiyo hasira ndiyo iliyonirudisha. Sasa unataka niseme haikuwapo?"

Aliweka ungo chini. Akauliza kitu nilichokuwa nakiogopa tangu niingie, kama Chaurembo anakuja kwangu usingizini.

Sikuweza kumdanganya mtu aliye kwenye eda. Nikasema anakuja. Nikamweleza kanzu, mvua inayopanda, mwavuli kwapani. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya jirani. Mwisho akasema kwake haji. Analala upande wake wa kitanda, anamwachia nafasi, anaamka nafasi ikiwa imenyooka vilevile.

Nilitaka kumwambia nitampa zangu kama zingegawika. Lakini ndoto haziazimwi kama mwavuli, na wala mwavuli haukurudi.

Nikamwuliza kuhusu kile kibali. Alifikiri, akaokota punje ya mchele, akaitazama kwenye mwanga.

"Siku ile ningekuwa nimesaini," alisema, "ningekaa palepale kama jiwe nikingoja umalize zamu yako."

Ndivyo nilivyoamua. Nimeshaulizwa mara nyingi kama nilikuwa sahihi, na Komba alininunia mwaka mzima, na alikuwa na haki. Nilichojua ni kwamba utani unaookoa ni ule unaokukuta hujajiandaa. Ukipewa ratiba, unabaki usumbufu wa kawaida. Ningezikomboa ndoto zangu kwa kuuza kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu.

Wakati nasimama kuondoka, nilimwambia Chaurembo atakuta mlango wangu umefungwa. Bi Sikuzani akarudi kwenye ungo wake.

"Yule?" alisema. "Mlango ukifungwa anaingia dirishani. Nimeishi naye."

*

Ijumaa nikaifuta rufaa. Mutalemwa alinibandika ushanga kwa mkono wake mwenyewe, akaniomba radhi, akaniambia nisilale chali, huwasha.

Kabla ya hapo, kwenye benchi la nje, nilikuwa nimesinzia kidogo. Chaurembo alikuwepo, ameketi juu ya guta kama kawaida. Nikamwambia kwaheri, kwamba hatutaonana tena, na kwamba kwa kuwa ni mara ya mwisho angalau akubali kuhusu mwavuli. Akacheka bila sauti. Mvua ikampandia mpaka kifuani, na mwavuli hakuufungua.

Baada ya hapo, hakuna kitu. Nalala, naamka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mpweke hata akiwa amelala. Nilikuwa nafanya utani kwa mazoea tu, kama mguu unaotembea baada ya kichwa kusahau safari. Nikipita kwenye kibanda chake cha kunyolea kilichofungwa, guta lilikuwa linapunguza mwendo lenyewe, na sikuwa nimeliambia.

Ila mji ulianza vituko vidogo. Taa ya njia panda ya sokoni ilikataa kuwaka kijani kwa gari lolote lenye dereva mwenye upara, mpaka avue kofia upara uonekane. Mashine ya tiketi stendi ikaanza kuwaita abiria wapagazi. Siku moja maji ya chemchemi ya bustani ya Manispaa yalikuwa yanarudi juu taratibu, laini, kama moshi, na watu walisimama kuyatazama. Mafundi walisema ni hitilafu. Mimi nilishika ushanga wangu kwa kidole. Nilikataa kufikiri. Mtu mwenye matumaini ya namna hiyo anatakiwa ayashike kama yai.

*

Arobaini ikafika. Hitma ilisomwa asubuhi, ukumbini kumejaa, harufu ya udi na pilau imeshikana mikono. Nilikuwa nje naosha masufuria, na Mutalemwa alikuwa ameniletea habari kwamba atakuja mwenyewe kunitoa ushanga.

Mwanzoni mwa kichochoro chetu kuna kizuizi cha Manispaa, ule mti mwekundu na mweupe unaopanda na kushuka. Gari la Mutalemwa lilipokaribia mti ulishuka, na haukupanda tena. Alionyesha kitambulisho. Mti ukatulia. Alishuka, akagonga nguzo kwa heshima, kama mtu anayegonga mlango wa wakwe.

Sikio la kwenye mlingoti likafunguka kwa mlio, na sauti ya Shangazi, ileile ya upole inayotangaza kukatika kwa maji, ikasema:

"Hapiti mtu hapa."

Mutalemwa akauliza kwa kanuni ipi.

"Mpaka kuku apatikane."

Kisomo kilikuwa kimekwisha, na watu walianza kutoka mmoja mmoja, vikombe mikononi. Hakuna aliyecheka. Tulisimama kama wale waliotazama chemchemi. Jua lilikuwa limetulia juu ya mabati, na nyuma ya pazia la chumbani niliona kivuli cha kanga nyeupe kimesogea dirishani, kimesimama.

Shangazi akaendelea, bila kubadili sauti.

"Taarifa kwa Wande binti Mihayo, mpagazi. Mwavuli ninao mimi. Sirudishi."

Sufuria lilinitoka mikononi, likabingirika mpaka kwenye mtaro. Niliwahi kumwambia Shangazi mambo mengi kupitia ule ushanga, bila kupenda. Kila nilichoota alikijua. Lakini nisikilize vizuri: katika ndoto zote nilizoziona, mpaka ile ya mwisho ya kwenye benchi, Chaurembo hakuwahi kukiri. Kama alikiri katika zile nilizochukuliwa, neno hilo mimi sikulisikia. Alikolitoa sijui, na sitamruhusu mtu wa Manispaa anieleze.

Pazia likatikisika. Tulisubiri. Mzee mmoja alianza kunong'ona dua. Kisha sauti ya Bi Sikuzani ikatoka dirishani, kubwa, yenye pumzi yote ya mwanamke aliyesubiri upande mmoja wa kitanda.

"Chaurembo, huna haya. Siku zote hizi, leo ndiyo unakuja, na unakuja kuzuia wageni? Ondoa mti wako. Unaniharibia hitma yangu."

Mti ulitetemeka kidogo, kama mtu anayezuia kicheko. Nilikimbia mpaka kwangu nikamleta yule kuku mwenye jicho baya, ambaye sikuwahi kuwa na moyo wa kumchinja, nikamfunga kwa kitambaa kwenye nguzo. Kizuizi kikapanda, polepole, juu kabisa, kupita pale kinapoishia siku zote.

Dirishani Bi Sikuzani alikuwa anaendelea kufoka, na katikati ya kufoka alikuwa anacheka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mutalemwa alinisogelea. Akautoa ushanga nyuma ya sikio langu. Akatazama mti, akatazama kuku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kisheria chombo cha Manispaa kimezuia njia mbele ya hitma, na kwamba yeye ni afisa, lazima aandike kitu. Akaniuliza aandike nini.

"Andika mfiwa amekasirika," nikamwambia. "Amekasirika vizuri sana."